Vyuma vya Kulalia Viwiko

Vidole viwili vya mkono wangu wa kushoto, cha mwisho na jirani yake, viliacha kunitii nikiwa njiani kwenda Makambako. Niliposhuka kwenye baiskeli mbele ya nyumba ya dada yangu, nilishindwa kufungua zipu ya koti. Mama, ambaye anaishi na dada, alinifungulia yeye kama alivyokuwa akinifungulia nilipokuwa mtoto, akaniuliza kama nimepigwa na kitu. Nikamwambia ni baridi tu. Lakini Jumatatu, nikiwa kwenye cherehani yangu Njombe, sindano ilipita kwenye ncha ya kile kidole cha mwisho na mimi nikaendelea kushona. Nilijua nimejichoma nilipoona damu kwenye kola ya sare ya mtoto wa watu.

Mimi ni fundi nguo. Nashona sare, suti za harusi, na zaidi ya yote majoho ya kwaya, maana huku kwetu kila usharika una kwaya ya wazee, ya vijana na ya akina mama, na hakuna inayotaka kufanana na mwenzake. Ni kazi ya kukaa kitako. Daktari alipopima presha yangu aliniambia nitafute namna ya kutembea, nami nikatafuta baiskeli ya mtumba, ya mbio, yenye tairi nyembamba na usukani uliojikunja. Wiki moja naenda Makambako kumwona mama na kurudi kesho yake, wiki nyingine napumzika. Ni lami tupu, kupanda na kushuka, katikati ya paini na mashamba ya viazi. Ukikaribia Makambako unakutana na upepo. Watu wa kule wanauzungumzia upepo wao kama mtu anavyomzungumzia mkwe mkorofi: hawampendi, ila hawataki mgeni amseme.

Nilimwonyesha daktari vile vidole. Alisema kuna mshipa unabanwa kwenye kiganja kwa sababu ya kuegemea usukani muda mrefu, na kwamba dawa ni kuiacha baiskeli kwa muda. Nikamshukuru, nikaenda nyumbani kutafuta dawa nyingine kwenye simu.

Huko ndiko nilikoviona. Walikuwa wanaume wembamba, wamelala juu ya baiskeli kana kwamba wanachungulia chini ya mlango. Mbele ya usukani kulikuwa na vyuma viwili virefu vilivyotazama mbele. Walikuwa wameweka viwiko kwenye mito midogo, viganja vimeshika ncha za vyuma na karibu vinagusana. Aliyekuwa akieleza alisema uzito unahama kutoka kwenye viganja kwenda kwenye viwiko, na upepo unapita juu ya mgongo badala ya kukupiga kifuani. Maneno hayo mawili, viganja na upepo, yalinitosha. Vile vizuri vilikuwa na bei ya kununulia baiskeli nyingine. Nikaagiza Dar es Salaam vya bei ya chini kuliko vyote, vikaja na basi ndani ya boksi lililokuwa limeandikwa vyombo vya jikoni.

Mke wangu alifungua boksi kabla yangu, kwa sababu ya yale maandishi. Aliviweka mezani, akavizunguka.

"Umeagiza pembe," akasema.

"Ni vya kupumzishia mikono nikiwa safarini."

"Mikono inapumzika kitandani, mume wangu. Safarini inaendesha."

Kwenye picha ya muuzaji vilikuwa na mito ya viwiko. Kwenye boksi havikuwa nayo. Kulikuwa na vikombe viwili vya plastiki ngumu, mahali pa kuweka mito, bolti moja isiyokuwa na kazi yoyote mpaka leo, na karatasi ya maelekezo kwa Kichina.

Nikavipeleka kwa fundi baiskeli karibu na soko, mtu ninayemshonea suruali, asiyekubali kwamba kuna kifaa duniani hajawahi kukifunga. Alivipokea, akavipima kwa macho, akaanza kuvifunga vikitazama nyuma.

"Vinatazama mbele," nikamwambia.

"Mbele utabebaje mzigo? Utakuziba macho."

"Si vya mzigo. Ni vya mikono."

"Mikono ina mzigo gani?"

Nilijaribu kumwonyesha kwenye simu, mtandao ukagoma. Ikabidi nimwonyeshe kwa mwili. Nililala kifudifudi juu ya benchi lake la wateja, nikanyoosha mikono mbele, nikaweka viganja pamoja na kuzungusha miguu hewani. Watu wawili waliokuwa wakisubiri kuzibiwa pancha waliondoka. Fundi alinitazama mpaka mwisho, kisha akasema, "Sawa, ni vya kuogelea," akavigeuza mbele.

Vifungio vilikuwa vipana kuliko usukani wangu, vyuma vikawa vinainama kila nikivigusa, kama ng'ombe anayekunywa maji. Tukakata vipande vya tyubu kuukuu, tukauzungushia usukani, tukakaza tena mpaka vikasimama. Hiyo ndiyo siri pekee ninayoweza kumpa mtu mwenye vyuma vya bei rahisi: usitupe tyubu zako zilizochakaa, usizitupe kabisa.

Mito nilishona mwenyewe. Kwenye kapu la masalio nilikuwa na kitambaa kinene cha zambarau, cha majoho ya kwaya moja ya Kilutheri, na sponji ya kiti kilichovunjika. Nilikata, nikajaza, nikashona. Kile kitambaa kilikuwa na misalaba midogo ya uzi wa dhahabu, na kwa jinsi kilivyokatwa, kila mto ukapata msalaba mmoja katikati kabisa. Sikufikiria chochote. Kwa fundi nguo, urembo ukiangukia katikati bila kuupanga unashukuru tu.

Nilijifunza kwenye uwanja nyuma ya mashine ya kupasulia mbao. Jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba ukiwa umelala, baiskeli inakwenda unakotazama. Nilitazama rundo la mabanzi, nikaenda kwenye mabanzi. La pili ni kwamba breki zimebaki kule nyuma kwenye usukani wa zamani, na mkono unahitaji muda kurudi. Nilijifunza hili kwenye mabanzi hayo hayo. Baadaye nikazoea: unalala pale tu unapoona mbali, ukiona mtu, mbuzi au bodaboda inayofikiria, unainuka.

Safari ya kwanza ndefu nilitoka asubuhi, ukungu haujaondoka. Nilivaa koti langu jeusi la baridi, na shingoni skafu nyeupe aliyonifumia mke wangu. Nilipopita nyumba za mwisho za mji, nikalala. Sijui niseme nini kuhusu ile saa. Ule mlio wa upepo masikioni ulishuka ghafla, kama mtu aliyefunga dirisha. Viganja vyangu havikubeba uzito. Vilikaa tu pamoja mbele ya uso wangu, na chini yake lami ilikuwa ikija. Nilicheka peke yangu.

Bodaboda moja ilinipita polepole, ikiwa na mama aliyebeba kuku kwenye mfuko. Mama yule alinitazama, akatazama ile mito, akavua kofia yake ya sufu. Bodaboda haikupiga honi. Niliona ni watu wastaarabu.

Katikati ya njia kuna kijiji ambacho akina mama wanauza viazi kandokando ya lami, ndoo zimejaa hadi kuwa na kilele. Pale kuna mlima. Nilianza kuupanda nikiwa bado nimelala, maana nilikuwa nimeona raha, na mwendo wangu ulikuwa wa mtu anayetembea. Wale akina mama walikuwa wakizungumza kwa sauti. Nilipofika usawa wao wakanyamaza. Kisha mmoja akanisalimu kwa Kibena, "Kamwene," kwa sauti ya chini, na mwingine akasema neno sikulisikia vizuri. Nikaitika "haya", kama mtu anavyoitika salamu iliyomponyoka, nikaendelea.

Makambako nilimkuta mama amekaa nje kwenye kiti, amejifunga kanga mpya. Kabla sijashuka alisema, "Wamenipigia simu."

"Nani, mama?"

"Watu. Mmoja amekuona njiani, akamwambia mwenzake hapa sokoni, naye ananijua. Mwanangu, umeweka nadhiri gani?"

"Shikamoo, mama. Nadhiri ya nini?"

"Marahaba. Wanasema umefunga mikono, umeinamisha kichwa, unasali kutoka Njombe bila kufumbua macho. Wengine wanasema wewe ni mchungaji."

Nilimweleza vizuri. Nikamwonyesha vyuma, vikombe na mito, nikamweleza kuhusu mshipa wa kiganja, na jinsi upepo unavyopita juu ya mgongo. Alisikiliza kwa makini. Aliweka kidole juu ya msalaba wa mto wa kulia.

"Na huu?"

"Ni masalio, mama."

"Sawa," akasema. "Usiwaambie watu kwamba ni masalio."

Siku iliyofuata nilirudi Njombe kwa njia ile ile, na pale kwenye viazi mama mmoja alikuwa amesimama katikati ya lami. Alikuwa mtu mzima, mrefu, amejifunga shuka juu ya sweta mbili. Aliinua mkono. Nikainuka, nikatafuta breki, nikazipata mbele kidogo ya miguu yake.

"Jana umeniitikia," akasema. "Nilikuambia utuombee na sisi, ukasema haya."

Hapo ndipo nilipojua nilichoitikia.

"Mume wangu yuko hospitali, Ikonda," akaendelea. "Wanampasua nyonga. Hajawahi kulala nje ya nyumba yangu. Nataka umweke pale." Alinyoosha kidole kwenye nafasi kati ya vyuma viwili, mahali ambapo wale wanaume wembamba kwenye simu waliweka chupa ya maji.

Nilihisi si haki kumdanganya mtu mwenye mgonjwa. "Mama yangu," nikasema, "mimi sisali hapa. Kanisani naenda, ila hapa napumzisha mikono. Vidole vilikufa ganzi. Ni fundi nguo tu."

Alinitazama kwa huruma, kama vile mgonjwa ni mimi.

"Sawa," akasema. "Basi ukiwa unaipumzisha, mtaje."

Nikasema nitamtaja. Alinipa viazi vya kuchemsha vitatu au vinne kwenye mfuko, vya moto, nikavitia ndani ya koti na kuendelea na safari tumbo likiwa na joto. Na kwa kuwa nilikuwa nimesema, nilipofika kwenye tambarare nikalala, nikafungua mdomo. Nilijikuta sijui niseme nini. Kanisani kuna mtu anayeanza. Mwishowe nikasema kwa sauti ya kawaida, "Kuna baba mmoja Ikonda, wanampasua nyonga. Mke wake anauza viazi." Lori la mbao likanipita. Nikarudia, kwa sababu ya kelele.

Safari iliyofuata hakukuwa na mama mmoja tu. Kulikuwa na foleni, na foleni ilikuwa na utaratibu: waliokuwa na wagonjwa mbele, wenye mambo mengine nyuma. Kulikuwa na ng'ombe anayekataa ndama wake. Kulikuwa na kijana aliyeko Mafinga ambaye hapokei simu. Kulikuwa na binti anayesubiri matokeo ya mtihani, na bibi aliyetaka tu mvua ya mawe isirudi. Bwana mmoja alitaka nimtaje jirani yake aliyesogeza mpaka wa shamba. Nikamuuliza nimtaje ili apate nini. Akasema, "Wewe mtaje tu, atajulikana." Nilikataa, na foleni ikaunga mkono.

Nilikuwa bado nasikiliza habari za ng'ombe walipofika wazee wawili, kila mmoja kutoka upande wake wa barabara. Mmoja alikuwa katekista wa kigango cha Kikatoliki cha pale, mwingine mwinjilisti wa Kilutheri. Walisalimiana kwa heshima kama watu waliosalimiana hivyo maisha yao yote, kisha wakaigeukia baiskeli.

"Huyu ni wetu," mwinjilisti akasema, akashika mto. "Hiki ni kitambaa cha kwaya yetu. Mke wangu analo joho lake."

"Kitambaa ni kitambaa," katekista akajibu. "Tazama mikono inavyokaa. Viganja vimeunganishwa, vidole vinatazama juu. Hivyo ndivyo tunavyowafundisha watoto wa komunio. Ninyi mnafumbata."

"Wengine wetu hawafumbati."

"Nani?"

Mwinjilisti alifikiri. Akaniambia nipande nionyeshe. Nikapanda, mtu akanishikilia kiti, nikalala. Wote wawili waliinama, mmoja kulia mwingine kushoto, wakatazama viganja vyangu kwa karibu sana. Nilikuwa na kiazi mdomoni na sikuweza kusema kwamba mimi ni Mlutheri.

"Anashika vyuma," mwinjilisti akasema hatimaye. "Si kuunganisha, wala si kufumbata."

Wakaenda pembeni kidogo wakazungumza kwa Kibena, taratibu, bila ugomvi. Waliporudi walikuwa wameafikiana. Nikiwa naenda Makambako nitakuwa wa Walutheri, nikiwa narudi Njombe nitakuwa wa Wakatoliki, na watu wa kila upande watakuja kwa siku yao ili foleni isizibe barabara. Waliona ni haki, kwa sababu kwenda kuna mteremko zaidi lakini kurudi hakuna upepo wa mbele. Mimi sikuulizwa. Mwenye ng'ombe, ambaye hakusali popote, aliuliza yeye aje lini. Wakamwambia achague.

Nyumbani nilipomweleza mke wangu, aliendelea kumenya vitunguu. "Unawataja kweli?" akauliza.

"Nawataja."

"Wote?"

"Ninaowakumbuka. Naanza na mgonjwa, namalizia na mvua ya mawe."

"Basi mtaje na yule mteja wetu ambaye hajachukua suti yake," akasema. Sikujua kama anatania, nikamtaja.

Ukweli ni kwamba ile safari ilibadilika. Zamani nilikuwa nikitumia njia nzima kufikiria miguu yangu. Sasa nilikuwa na watu wa kufikiria, na milima ikawa inapita bila kunijulisha. Vidole vilianza kurudi, kwanza kwa kuwashwa, halafu kwa kuhisi baridi, na siku nilipojichoma na sindano nikapiga kelele, mke wangu alinipongeza. Badala yake ikagoma shingo. Ukilala hivyo unalazimika kuinua uso kutazama mbele, na shingo yangu ikazoea kukaa hivyo. Wiki nzima nilishona huku nikitazama dari. Wateja walidhani nasali hata dukani, wakawa wanasubiri nimalize ndipo waseme vipimo.

Kisha trafiki akanisimamisha. Ilikuwa kwenye ile tambarare kabla ya Makambako, upepo unavuma, mimi nimelala, katika kutaja nimefika kwa kijana wa Mafinga. Niliona viatu vyeusi mbele, nikainuka. Alikuwa mwanamume mnene kiasi, mpole wa sura, kofia yake ameishikilia kwa mkono isiruke.

"Umelala," akasema.

"Sijalala, afande. Nimeegemea."

"Nimekuona tangu kule kwenye kona. Kichwa chini, macho sijayaona. Dereva wa basi ameniambia kuna mzee amefariki juu ya baiskeli na baiskeli bado inakwenda. Mwenye bodaboda kaniambia ni mtumishi wa Mungu anasali, nisimguse. Sasa mimi nikusimamishe kama nani?"

"Msafiri tu, afande."

Alizunguka baiskeli. Aliuliza breki ziko wapi, nikamwonyesha. Akauliza nikiwa nimelala zinakuwa wapi, nikamwonyesha tena, ni zile zile. Hilo lilimsumbua. Alisema mtu anayesali barabarani inabidi kwanza asimame pembeni, aweke alama ya pembetatu mbele na nyuma, ndipo asali. Nikamweleza, kwa mara iliyoonekana kuwa ya mia, habari ya upepo na mgongo.

"Unapungua kiasi gani?" akauliza.

"Kiasi cha kutosha, afande."

Alitazama barabara huku na huku. Akanipa kofia yake niishike. Akapanda, akajikunja taratibu, tumbo likapata pa kukaa, viwiko vikatua kwenye ile mito ya zambarau. Akaondoka. Aliyumba mara mbili, kisha akanyooka. Basi lililokuwa linakuja lilipunguza mwendo hadi likawa linatembea, na abiria wote wa upande ule wakasimama dirishani na simu zao. Sare nyeupe ilizidi kuwa ndogo. Nilibaki peke yangu pembeni ya barabara na kofia ya polisi mikononi, na kila gari lililopita lilipunguza mwendo likanionyesha heshima.

Alichukua muda. Aliporudi alikuwa amelala vile vile, kidevu juu, macho yanatoka machozi ya upepo. Alishuka, akavaa kofia, akapangusa uso.

"Unapungua kweli," akasema.

"Ndiyo, afande."

"Pale mbele nimesikia kimya. Mwaka mzima nasimama hapa, sijawahi kusikia kimya." Alinirudishia baiskeli. Nilipokuwa nimeshapanda aliniita tena. "Nimeomba uhamisho kwenda Tanga. Baridi hii na upepo huu, mimi si wa huku. Kama kuna nafasi hapo mbele."

Nikamwambia ipo.

Mume wa yule mama wa viazi alirudi kutoka Ikonda msimu wa viazi ulipokuwa umeanza kwisha. Siku hiyo nilikuwa naenda Makambako, kwa hiyo nilikuwa wa Walutheri. Alikuwa amekaa kwenye kiti kando ya ndoo, mtu mfupi, mkongojo umeegemezwa gotini. Alininyooshea mkono bila kusimama.

"Mke wangu anasema ulikuwa unanitaja."

"Nilikuwa nakutaja, mzee."

"Ulikuwa unasemaje?"

Niliona haya kidogo, lakini nikasema. "Nilikuwa nasema kuna baba mmoja Ikonda, wanampasua nyonga, mke wake anauza viazi."

"Hukusema jina?"

"Sikulijua. Mama hakuniambia, nami sikuuliza."

"Kule wodini tulikuwa wengi wa nyonga," akasema. "Kitanda cha jirani yangu, mke wake naye anauza viazi. Kwao Iwawa kila mtu anauza viazi." Akaushika mkongojo. "Yule alitoka mapema kuliko mimi. Madaktari walishangaa. Alitembea kabla ya siku yake."

Mke wake alimwambia aache. Mzee hakuwa na kinyongo hata kidogo, alikuwa akieleza tu jinsi mambo yalivyokwenda. "Mimi naona nilipata kilichobaki," akasema, "na kimenitosha, tazama, mguu huu hapa." Aliunyoosha mguu, akaukunja. Kisha akanivuta kwa skafu mpaka sikio langu likafika mdomoni pake, akaniambia jina lake, lote, la ubatizo, la baba na la babu, ili nisikosee tena. Akauliza kama nimelishika. Nikamwambia nimelishika. Akaniomba nilirudie, nikalirudia sikioni mwake.

Mke wake akaingia ndani, akatoka na jogoo. Alikuwa mkubwa, mweusi, mwenye shingo nyekundu, miguu imefungwa kwa kipande cha kanga. Nilikataa kwa adabu, akakataa kukataa kwangu. Mgongoni nilikuwa na mzigo wa mama, na baiskeli ile haina keria. Tukatazamana sote watatu. Yule mzee ndiye aliyeonyesha kwa mkongojo wake: katikati ya vile vyuma, palepale.

Tulimfunga kwa kitambaa, kifua juu ya vyuma, mabawa yamebanwa, kichwa mbele. Alipiga kelele mpaka nilipoanza kukanyaga pedali, halafu akanyamaza, akawa anatazama barabara. Mteremkoni aliinua shingo akawika, na mwenye bodaboda aliyekuwa anapanda akapiga honi kumjibu. Mikono yangu ilikuwa imemzunguka, ubavu wake unapumua kati ya viganja vyangu, moto kama viazi vya mfukoni. Niliwaza mama atasema nini. Nilijua atakataa achinjwe.

Tulipotoka kwenye paini, tambarare ikafunguka na upepo ukatushika wote wawili kwa pamoja. Manyoya ya shingo yake yalisimama. Alijaribu kukaza kichwa, akayumbishwa, akajaribu tena. Mimi nikaanza kusema majina, kwanza lile jipya, lote, la ubatizo, la baba na la babu. Nilipofika kumtaja afande wa Tanga, jogoo aliinamisha kichwa mwenyewe mpaka mdomo wake ukawa sawasawa na ncha za vyuma, akafumba jicho moja, akatulia. Nami nikainama zaidi nyuma yake.